Nilidhani Amelala Mgongoni

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu wa Kibarani. Pasta ameniomba nisiongee kwa hasira. Nitajaribu, ila siahidi.

Mwajua nilienda Lebanon kufanya kazi za nyumba. Mabomu yalipoanza kuanguka, bosi wangu na mumewe waliingia garini wakatoroka. Paka wao walimchukua. Mimi walinifungia mlango kwa nje, ghorofa ya tatu. Nilimwita Yesu mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake jengo likapigwa. Kijana mmoja wa uokoaji, Mwislamu, jina lake silijui hadi leo, akavunja mlango kwa mtaimbo akanishika mkono. Ghorofa ya chini yetu tukampata jirani yangu amebanwa na zege kiunoni, amemkumbatia bintiye Nur, wa miaka mitatu. Akaninyooshea mtoto. Kijana akabaki kumchimbua mama. Mimi nikamfunga Nur mgongoni kwa leso, vile tunavyobeba watoto huku kwetu, nikashuka.

Alikohoa kidogo, kisha akanyamaza. Ndugu zangu, mwajua wenyewe: mtoto akinyamaza mgongoni, amelala. Nikapunguza mwendo nisimwamshe. Hata nikamwimbia. Kule chini nesi akaja mbio, nikaweka kidole mdomoni. "Polepole, amelala."

Nesi akafungua leso. Hakuwa amelala.

Niliporudi Kilifi, mama mmoja wa kanisa hili alinikumbatia. "Waona Mungu akupendavyo, Kadzo?"

"Na Nur je, mama?"

"Hiyo ni mipango yake, mwanangu. We shukuru tu."

Nashukuru. Lakini sitasimama hapa niseme Mungu alinipenda mimi akamwacha Nur. Bomu lilitupwa na watu. Mlango ulifungwa na watu. Msimsingizie Mungu.

Mama Nur alitolewa hai. Kabla sijarudi nyumbani, nilimfuata hospitalini kuungama kwamba nilitembea polepole. Nikamweleza yote. Aliniuliza jambo moja tu: mwanangu alikuwa peke yake?

"La. Alikuwa mgongoni kwangu."

Akanishika mkono, hakuniachilia mpaka jioni. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipookolewa, si pale mlangoni. Leso nilimwachia.

Kama kuna mtu hapa amebeba jambo asiloweza kulisema, aje mbele, amwambie Mungu hata kwa hasira. Yeye haogopi hasira yako. Mimi nitakushika mkono, na sitakwambia ushukuru.