Mwalimu Bei Gani na Wodi Iliyoambiwa Ingoje

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kazini, ongeza sauti. Leo tunamkumbuka mwalimu wa hesabu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani tu: Mwalimu Bei Gani. Tumemzika juma lililopita.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake. Hakuwa bahili, hata kidogo. Alikuwa mtu wa kuuliza. Siku ya harusi yake, mpambaji alipomaliza kazi, bibi harusi alijitazama kwenye kioo, akageuka huku na huku, akatabasamu, kisha akauliza, "Bei gani?" Chumba kizima kiliangua kicheko. Mpambaji akaona haya, akampunguzia.

Hayo tumesimuliwa na mdogo wake. Huyu mdogo ni fundi cherehani, na hajawahi kuhama mji mdogo walikozaliwa. Walikuwa wawili tu, wasikilizaji wapendwa. Ndugu wawili, tumbo moja.

Mwalimu aliolewa na fundi umeme, mtu mcheshi, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Siku moja fundi huyo aliteleza juu ya nguzo, akaanguka. Alikimbizwa hospitali kuu. Kitanda kilikuwapo. Mashine zilikuwapo. Shuka zilikuwa safi. Daktari wa upasuaji hakuwapo. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, amerudi nchini kwao, na wa kushika nafasi yake alikuwa bado anatafutwa. Fundi umeme alikata roho juu ya shuka safi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Baada ya msiba ule, Mwalimu aliweka chaki chini. Akagombea kiti katika baraza la jimbo, akashinda, akawekwa kwenye kamati ya bajeti. Na hapo ndipo ulipoletwa mpango wa kuanzisha chuo kipya cha udaktari, chuo cha serikali.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Afisa wa mipango akasimama, akakohoa kidogo, akasema, "Waheshimiwa, mwananchi hatatoa hata senti. Gharama yote itabebwa na serikali."

Mwalimu akanyoosha mkono. "Samahani, ndugu afisa. Serikali ina shamba?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Ina duka?"

Watu wakaanza kucheka.

"Basi hizo ni fedha zetu. Sasa tuambie, bei gani? Na nani atakayesubiri?"

Sikilizeni vizuri hapa. Mwalimu hakukipinga chuo. Narudia: hakukipinga. Alikitaka kuliko wote waliopiga makofi, maana alijua ni nini kumpoteza mtu kwa kukosa daktari. Lakini alijua pia kwamba chuo cha udaktari si kuta na bati tu. Ni maabara. Ni walimu wa kutafutwa kila pembe. Ni hospitali ya kufundishia. Ni mishahara ya kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, kabla daktari hata mmoja hajatoka mlangoni. Fedha hizo lazima zingetolewa mahali. Akambana afisa mpaka akajibu. Barabara kadhaa zingengoja. Magari ya wagonjwa yangengoja. Na wodi ya wazazi katika ule mji mdogo alikozaliwa, nayo ingengoja.

Mdogo wake ndiye aliyekuwa mbele kuidai wodi hiyo. Yeye na wanawake wenzake walikuwa tayari wamebeba mawe ya msingi vichwani.

Siku ya kura, Mwalimu aliinua mkono. Alisema ndiyo.

Wakati wanatoka, mjumbe mwenzake alimvuta pembeni. "Mwalimu, wewe nyamaza tu. Wakiuliza, waambie mafundi wamecheleweshwa na mvua."

"Nikawadanganye watu walionilea?" Mwalimu akamjibu. Kesho yake alisafiri kwenda kwao.

Aliwakuta wamejaa kwenye darasa la shule ya msingi, wengine wamesimama madirishani. Aliwaeleza yote bila kupaka rangi. Chuo kitajengwa. Wodi itangoja. Mimi mwenyewe nimekubali. Kisha mdogo wake akainuka, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

"Dada," akasema, "unatuambia tungoje. Sawa. Sasa mimba nazo tuziambie nini?"

Mdogo wake akatoka nje. Tangu siku hiyo, simu za dada yake hakuzipokea.

Mwaka uliofuata, binti wa huyo mdogo wake alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mambo yakawa magumu. Mkunga akasema apelekwe hospitali kuu haraka. Gari la kuazima likapatikana, lakini ile barabara mnaijua. Mtoto alizaliwa njiani, wa kiume, mzima wa viungo vyote. Hakulia.

Habari zilimfikia Mwalimu akiwa kwenye kikao. Walikuwa wakijadili darubini za maabara ya chuo. Aliacha mkoba wake mezani, akaondoka. Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, nguo zake zimechafuka. Alipomwona dada yake, alisema maneno mawili tu.

"Umeleta hesabu?"

Mwalimu akaketi upande wa pili wa benchi. Hakujitetea. Wakakaa hivyo mpaka binti alipoamka, akaita kwa sauti ndogo, "Mama mkubwa yuko wapi?"

Wajumbe wenzake walimfariji Mwalimu. Walimwambia kwamba hata kura ingekwenda vingine, wodi ile isingekuwa imekamilika kufikia siku hiyo. "Huenda," alisema. "Lakini mkono niliouinua ni huu."

Uchaguzi uliofuata alishindwa, na hakushangaa. Aliendelea kuhudhuria vikao vya baraza, ameketi nyuma kama raia mwingine yeyote, akiulizia wodi. Wajumbe wakimwona anaingia, walinong'onezana, "Leo tumekwisha."

Kisha tumbo likaanza kumsumbua. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imesambaa. Alilazwa hospitali kuu, ambayo sasa ndiyo hospitali ya kufundishia. Aliyemfuata pale na mkoba wa nguo, bila kupiga simu, alikuwa mdogo wake. Aliifunga cherehani yake, akahamia kwenye kiti kando ya kitanda.

Asubuhi moja wanafunzi wa chuo kipya walipita wodini na mwalimu wao. Binti mmoja aliambiwa alipime tumbo la mgonjwa. Akaligusa kwa ncha za vidole tu.

"Bonyeza, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Usiogope. Usinionee huruma hata ukashindwa kujifunza. Umewagharimu watu wengi wewe."

Binti akabonyeza. Mdogo wake Mwalimu akageukia dirishani, akajifuta macho kwa upande wa kanga.

Mwalimu aliaga dunia siku chache baadaye. Chuo bado hakijatoa daktari hata mmoja. Wodi ya wazazi imefika usawa wa madirisha. Yeye hakukiona hiki wala kile kikikamilika.

Tulimuuliza mdogo wake kama alimsamehe dada yake. Aliondoa uzi uliokuwa kwenye sketi yake.

"Kila mtu ananiuliza hilo," alisema. "Mimi nilimwogesha. Nilimnywesha maji kwa kijiko. Nilikuwa namgeuza upande ule usiomuuma. Hayo mengine sijayajua bado."

Kwako wewe, fundi wetu, na kwa binti yako, na kwa wote mliofundishwa kujumlisha na kutoa na mwalimu huyu, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kabla hamjarudi kwenye shughuli zenu, tulieni kidogo. Fikirieni jambo moja jema lililojengwa kwa ajili yenu. Halafu mfikirieni aliyeambiwa asubiri ili lijengwe. Kama unamjua, usimpelekee maelezo. Nenda ukamjulie hali.