Maman Odette na Ofisi ya Karambi

Miaka ishirini na minne! Tarehe 31 Januari 2019 Maman Odette Mukantwari, karani wetu wa hati za raia, anastaafu, na tukubali tusikubali, ofisi itapwaya.

Alikulia Bukavu, akavuka mto Ruzizi kurudi nyumbani Rwanda mwishoni mwa 1994. Februari iliyofuata komini yetu, yaani tarafa, ilimpa kalamu, daftari tupu na kreti ya bia ya kukalia, maana vitabu vya zamani viliungua katika mauaji ya mwaka ule. Aliandika wakazi upya, nyumba kwa nyumba. Palipobaki jina bila mtu, alilia waziwazi, kisha akaendelea na nyumba ya pili.

Mwaka 2000, mizinga ya vita vya Kongo ikisikika hadi mezani, ikatangazwa kwamba komini tatu zitaungana kuwa wilaya moja. Makao yawe wapi? Wajumbe walikuja na ramani, wakapima kwa rula, wakachagua Gasharu, kando ya lami. Nyumba ya Maman Odette iko hapo hapo! Angevuka barabara tu na kuingia kazini. Lakini watu wa bondeni wangepoteza siku mbili kwa cheti kimoja cha mtoto.

Akakasirika, na Maman akikasirika, jamani! Aliwauliza wajumbe kama rula yao imewahi kubeba mgonjwa. Kisha akajilaza kwenye ingobyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa mabegani, akawataka wambebe wenyewe kutoka bondeni hadi Gasharu. Kilo tisini na kitu! Majirani waliwapokea mzigo njiani. Ladislas, dereva wao, anaapa kwamba mkuu wa msafara alifika pekupeku, viatu mkononi, baada ya masaa saba. Kesho yake wakambeba kutoka bondeni kule kule hadi kilima cha Karambi, katikati ya komini zote. Masaa matatu. Wakapendekeza Karambi, na ikapita.

Siku ya kufungua ofisi, wa kwanza mlangoni alikuwa Dative wa bondeni, mtoto mgongoni. Alipata cheti, akarudi kwake kupika cha jioni.

Na Maman? Tangu siku hiyo amepanda Karambi kwa miguu, masaa mawili kuja, mawili kurudi, kwa miaka kumi na minane. Goti la kushoto limekwisha. Hakumlaumu mtu, isipokuwa mvua ya Aprili, nayo aliitukana kwa Kimashi cha Bukavu.

Asante sana, Maman. Kuanzia Ijumaa mlima huu usiupande tena. Tumeshapanga: kila Jumamosi mmoja wetu atashuka Gasharu kukusalimia. Ni masaa mawili tu, na sasa ni zamu yetu kutembea. Uishi miaka mingi, kwa raha na amani.