Bunduki ya Ndovu na Bega la Yazid

Breki ndiye aliyemwambia Nasiha mwanzo. Jumamosi adhuhuri alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Shemeji, usishtuke. Mumeo kapigwa teke na bunduki." Breki jina lake ni Mzamil, dereva wa Bwana Akil mwenye duka la vitu vya kale kule Ndia Kuu. Huyo Bwana Akil ana bunduki kuukuu ya mitutu miwili, ya enzi za wawindaji wa ndovu, na kibali chake anacho. Kitako chake, ule mti wa kuegemeza begani, kililiwa na mchwa, akampa Yazid, mume wa Nasiha, aliye seremala, amchongee kipya. Kilipokwisha akamchukua hadi uwanja wa shabaha huko bara, akamwambia aliyechonga ndiye ajaribu. Yazid akarudi na mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, umevunjika. Leo ni Jumatatu, alasiri. Yazid amelala ndani, mkono umefungwa shingoni, na nje, juu ya baraza yake mwenyewe, wenye kijiwe wanalijadili bega lake kama samaki wa mnadani. Nasiha yuko nyuma ya mlango uliorudishwa nusu, mtoto kiunoni, na kiganjani amekunja karatasi ya Bwana Akil aliyoletewa na Breki. Karatasi yasema Yazid alikichonga kitako vibaya, na bunduki akaishika vibaya. Kwa kuwa mkono wake haushiki kalamu, mkewe amtilie sahihi, na kesho asubuhi ifike dukani. Ikishatiwa sahihi, ni nani mjini atakayempa Yazid mlango achonge?

— Nalikuwako mimi, alisema Breki. Bunduki kilo sita na ushei! Risasi mbili, kila moja nene kama dole gumba la Redio. Bwana Akil akazipachika kwa mkono wake, akaifunga, tak! Akamkalisha Yazid kitini mbele ya meza, akamwambia lenga ubao. Kidole kikavuta kifyatulio cha mbele. Wallahi, zikatoka zote mbili kwa pamoja. Kiti kule, Yazid kule.

— Bega laini, alisema Redio. Huyu ni Khubaib, ambaye hajapata kusikia habari akalala nayo. Akaongeza: bega la mtu aliyelelewa kwa mahamri na mbaazi.

— Na wewe lako limelelewa kwa nini? Kwa misumari?

Aliyeuliza ni Kamaludin, muuza kahawa. Zamani alitengeneza cherehani, na tangu hapo huitwa Injinia na hueleza kila kitu, aulizwe asiulizwe.

— Sikizani, alisema akimimina. Makosa ni ya mti. Yazid alitumia mvule. Mvule ni mgumu, haumezi teke, hulipitisha lote. Angetumia mwembe, teke lingezama mle kama mkate kwenye chai.

— Na hicho kitako kilivunjika? aliuliza Redio.

— La, alisema Breki. Hata ufa hakina.

— Basi mti una makosa gani, Injinia? Mti mzima, mtu kavunjika!

— Ndilo kosa lenyewe! Mti ungevunjika wao, mtu angesalimika.

Nasiha aliuma mdomo. Siku kumi na moja mumewe alikaa na kile kitako, akikipiga msasa hata watoto wa jirani wakaja kukipapasa. Leo ati kosa lake ni kuwa hakikuvunjika.

Breki aliinuka, akauchukua ufagio wa Nasiha pale ukutani.

— Bunduki kama ile ina adabu yake. Waikaza begani, hivi, isibakie nafasi hata ya karatasi. Mkono wa kushoto waibana huku mbele. Mguu mmoja mbele, waiegemea. Teke likija, mwili wote waenda nalo kidogo, kama mtu asukumwaye na rafiki.

— Wewe si wasema alikuwa amekaa? aliuliza Injinia.

— Alikuwa amekaa.

— Sasa hiyo miguu aiweke wapi, yakhe? Mezani?

Walicheka. Breki hakucheka.

— Mimi nimesikia jengine, alisema Redio, akiishusha sauti ili isikike zaidi. Bunduki ile imeua ndovu sabini. Na ndovu hasahau. Kila ikipigwa, wale sabini wote wasukuma kwa nyuma.

— Wasukuma kwa nyuma waende wapi? aliuliza Breki.

— Wamtafuta mwenye kidole!

— Hapana, alisema Injinia. Ni hewa yetu hii ya chumvi. Chuma kikikaa kisiwani miaka hamsini hulewa. Ukikipeleka bara, hukasirika. Hata cherehani zilikuwa hivyo. Nalikuwa na moja ya fundi nguo wa Ganjoni, ilimpiga kofi.

— Cherehani ilipiga kofi? aliuliza Redio.

— Muulize mkewe!

Wakati huo alifika mtu mwenye begi la vyombo. Aliitwa Joab, fundi wa mitambo ya barafu kule Liwatoni, naye alikuwa amekuja kuulizia kigoda alichoagiza kwa Yazid. Wakampa pole ya kigoda, wakampa kikombe, wakampa kisa chote: mvule, ndovu, chumvi. Joab alisikiliza hadi mwisho.

— Pole yake sana, alisema. Sasa mimi bunduki sizijui. Lakini si mulikuwa mukijaribu kitako tu?

— Kitako tu, alisema Breki.

— Kujaribu kitako, risasi moja haitoshi? Ya pili ilitiwa ya nini?

Injinia aliliweka chini dele lake la kahawa. Redio alimtazama Breki. Breki aliutazama ufagio mkononi mwake kana kwamba amewekewa na mtu mwengine.

— Jibu basi, alisema Redio. Si ulikuwako?

— Mimi ni dereva.

— Dereva ana macho. Siku tatu watusimulia bega laini, bega laini, na risasi uliziona zikiingia!

— Mwataka nifutwe kazi?

Mlango ulisukumwa, Nasiha akatoka na mtoto wake. Hajapata kusimama mbele ya wanaume wale zaidi ya kupokea vikombe. Uso ulimwaka moto.

— Shemeji Mzamil, alisema. Mumekaa juu ya baraza ya Yazid. Kahawa mumekunywa kwa maji yangu. Nipe ufagio wangu.

Breki alimpa. Injinia alilitikisa dele, likalia tupu.

Asubuhi yake Nasiha alimwandalia mumewe uji, akajifunga buibui, akambeba mtoto hadi Ndia Kuu. Dukani mulikuwa na wateja wawili. Alimkabidhi Bwana Akil karatasi yake. Pahali pa sahihi palikuwa na maneno, yamepangwa sawasawa kwa wino wa buluu: Kitako hakikuvunjika. Kukijaribu, risasi moja yatosha. Ya pili uliitia ya nini?

Bwana Akil alisoma, akasoma tena.

— Nani kakuandikia haya?

— Nimeandika mwenyewe.

— Nenda nyumbani, mwanangu. Tutazungumza na mumeo akipoa.

Nasiha hakwenda. Alivuta kiti cha wateja kilichokuwa mlangoni, akakaa, akamfunika mtoto kwa buibui akamnyonyesha, akangoja jibu.