Chupa Ishirini na Nane za Dada

Tunayemsindikiza leo alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, akiwa kifunguamimba wa watoto watatu. Baba alikuwa fundi wa betri za magari, mama fundi cherehani. Nyumbani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Dada, na majirani nao wakalichukua, hata wazee waliomzidi miaka arobaini wakamwita Dada bila kuona ajabu. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake anayemfuata, mwalimu wa historia, na naomba radhi mapema: kazi ya marehemu nimeelezwa mara nyingi sana, na bado sina hakika kama nimeielewa.

Mwaka 1972 alizaliwa mdogo wetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda, ambaye ameketi hapa mstari wa mbele. Kitinda hakusema neno hadi alipotimiza miaka sita. Wakati wa mimba yake baba alikuwa akivunja betri kuukuu uani na kuyeyusha madini ya risasi katika sufuria, na mama alikuwa akizifua ovaroli zake kwa mikono. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili. Mwaka 1978 Dada, akiwa na miaka kumi na saba, alimshika Kitinda mkono akampeleka zahanati na kutaka kujua sababu. Daktari alimjibu kwa upole kwamba watoto hutofautiana. Alirudi amenuna, akamwambia mama, "Hajui. Angesema tu kwamba hajui." Tangu siku hiyo akaweka sheria ya nyumba: Kitinda akianza sentensi, ni marufuku kummalizia. Chai ipoe, wageni wasubiri. Baba aliwahi kuivunja sheria hiyo, akaamriwa na binti yake aombe radhi, naye akaomba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, sekondari kuanzia 1975 hadi 1980, na akahitimu shahada ya kwanza ya kemia na biolojia mwaka 1984. Katika ripoti ya kidato cha pili mwalimu wa darasa aliandika kwamba mwanafunzi huyu anauliza maswali kupita kiasi. Baba aliitundika ripoti hiyo karakanani juu ya meza ya kazi, akidhani ni sifa. Nadhani baba hakukosea.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa katika maabara ya usalama wa kemikali, upande wa jengo la panya. Panya wenye mimba walipewa kemikali. Watoto wao wakapimwa uzito kila siku, wakafunzwa kupita katika vichochoro vya mbao, na mwishowe ubongo wao ukakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Kemikali moja ilikula zaidi ya mwaka mzima na panya kwa mamia. Kwa hiyo rangi za kuta, dawa za wadudu na vimiminika vya kusafishia sakafu viliendelea kuingia majumbani bila mtu kujua vinaufanyia nini ubongo wa mtoto aliye tumboni. Dada alikuwa akisema kwamba foleni ni ndefu, dirisha ni moja, na hata ukifika dirishani anayekujibu ni panya.

Aliolewa siku ya Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1990, na mwalimu wa muziki wa shule ya jirani. Alichelewa arusini kwa dakika hamsini kwa sababu asubuhi hiyo kulikuwa na watoto wa panya wa kupimwa uzito na hakumwamini mtu mwingine kwenye mizani. Shemeji yetu anasema alipofika alinukia maranda ya mbao ya vizimba vya panya na sabuni ya maabara, na kwamba ndipo alipojua anaoa nini. Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2009, akiwa na shahada ya uzamivu na nywele zilizoanza kugeuka mvi, aliliacha jengo la panya na kuanza kazi ambayo ndiyo tunayomheshimia leo. Alichukua seli zilizotokana na ngozi ya watu waliojitolea, seli zilizorudishwa utotoni kiasi cha kuweza kugeuka aina yoyote, akazilea katika sahani za plastiki zenye vishimo tisini na sita hadi zikawa seli za ubongo. Kisha alizitazama zikifanya yale ambayo ubongo wa mtoto hufanya unapojengwa: kuongezeka, kusafiri, kunyoosha matawi, kushikana, na hatimaye kupashana habari kwa midundo midogo ya umeme. Kila hatua aliiwekea kipimo chake, na katika kila kipimo aliongeza kemikali kidogo kidogo ili aone ni wapi ujenzi unakwama. Yaliyochukua mwaka mmoja sasa yalichukua wiki chache, na aliyejibu dirishani alikuwa seli ya binadamu.

Seli hizo zilihitaji kulishwa kila siku ya pili, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mashine ya kupimia midundo iliweza pia kuigeuza kuwa sauti, na shemeji, aliyekuwa akimpeleka kazini siku za Jumapili, alikuwa akikaa pembeni na kuvaa vipokea sauti. Wiki za mwanzo alisema hawa kila mtu anapiga lake. Siku moja ya wiki ya sita alivivua taratibu akasema, "Mama watoto, wameanza kuitikiana."

Mwaka 2012 aliitangazia kamati ya usalama wa kemikali kwamba dawa moja ya wadudu inaua seli changa za ubongo. Magazeti yaliandika, nasi ndugu zake tukavimba vichwa. Miezi mitano baadaye fundi mpya wa maabara, binti wa miaka ishirini na mitatu, alimuuliza kwa nini dozi kubwa kuliko zote huwekwa daima katika safu ya mwisho ya vishimo. Dada alijibu kwamba ni mazoea. Binti akasema vishimo vya pembeni vinakauka upesi kuliko vya katikati. Walirudia jaribio kwa maji matupu badala ya dawa, na seli za pembeni zikafa vilevile. Chumvi ya kimiminika cha kuzilishia, iliyobaki maji yalipokauka, ndiyo iliyoziua. Dawa ilikuwa imesingiziwa.

Wenzake wawili walimshauri anyamaze, arudie kazi kimyakimya na kusahihisha polepole. Aliandika barua siku hiyohiyo kuifuta ripoti yake. Kamati iliikunja njia yake na kuiweka kabatini kwa miaka kumi. Fundi yule alidhani atafukuzwa. Badala yake alipewa jina la Pembeni, akawa mkono wa kuume wa Dada hadi mwisho.

Kamati ilipofungua kabati tena iliweka mtihani. Maabara nyingine ilileta chupa ishirini na nane zenye namba tupu, nyingine zikiwa na kemikali zinazojulikana kudhuru ubongo wa mtoto, nyingine zikiwa na zisizodhuru. Ufunguo wa namba, yaani orodha ya kilichomo katika kila chupa, uliwekwa katika bahasha iliyopigwa lakiri na kukabidhiwa mtu wa nje aliyekubaliwa na pande zote. Dada alinipendekeza mimi. Aliwaeleza kwamba hata nikiusoma wote sitajua kama ni habari njema au mbaya, na nilivyowaona wanakamati wakitikisa vichwa kukubali, waliliona hilo.

Februari 2024, kazi ikiwa nusu, aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea kwenda maabara hadi Julai, kisha Pembeni akawa anamletea matokeo wodini, chumba namba 14. Mwezi Agosti madaktari walituita, nami nilikwenda hospitali na bahasha ndani ya koti. Nilimwambia naweza kuifungua, hakuna atakayejua, ili walau aone. Aliitazama kwa muda mrefu, na sitaficha kwamba aliitamani.

"Sahani za mwisho hazijasomwa," alisema. "Tukifungua leo, utakuwa umenipa zawadi tu. Mimi nilitaka jibu."

Niliirudisha kotini, nikamwonea uchungu na nikajionea aibu.

Ilifunguliwa wodini, kando ya kitanda chake, Jumatatu, tarehe 7 Oktoba 2024, saa kumi jioni, mbele ya mjumbe wa kamati, Pembeni, shemeji, Kitinda na mimi. Chupa ya kumi na tisa ilipotajwa kuwa madini ya risasi, na matokeo ya maabara yakiwa yamesema inadhuru, Dada aliomba mstari huo usomwe tena. Alisomewa. Alimnyooshea Kitinda mkono. Jumla alipata ishirini na sita. Moja isiyo na hatia aliituhumu. Nyingine, inayodhuru kweli, ilimponyoka, kwa sababu haimgusi mtoto moja kwa moja. Huivuruga kwanza tezi ya shingo ya mama.

"Ndiyo," alisema. "Kwenye sahani mama hayumo. Hiyo iandikwe kwanza."

Barua ya kamati ilifika tarehe 14 Oktoba. Njia yake imekubaliwa kutumika kuchuja kemikali ambazo hazijawahi kupimwa, kwa sharti kwamba zile mbili alizokosea zitajwe ukurasa wa kwanza. Kitinda aliomba yeye ndiye amsomee Dada. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja na nusu, na ilimchukua karibu nusu saa. Muuguzi aliingia, akataka kusaidia neno moja lililomkwama. Dada aliinua kidole, muuguzi akanyamaza. Kitinda alimaliza mwenyewe.

Dada aliaga dunia Jumatano, tarehe 16 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Baadhi yetu katika familia, nikiwa wa kwanza, tulitaka wasifu huu usiseme habari za vishimo vilivyokauka wala za chupa mbili. Rasimu yangu ya kwanza ilizikwepa. Niliisoma kwa sauti usiku wa kuamkia jana, nikaona namsifu mtu nisiyemjua.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni mhandisi wa maji, mwana ambaye ni fundi umeme, wajukuu wawili, wadogo zake wawili, na fundi mmoja wa maabara ambaye hayupo nasi saa hii. Leo ni Jumapili. Pembeni ameomba radhi kwa familia: amekwenda kuzilisha seli.

Pumzika kwa amani, Dada. Zamu yako imepata mtu.