Vilasini wa Paravila na Kura za Mikono Myeusi

Aliyelala mbele yetu, chini ya bendera ya chama cha wabangua korosho aliyoishona yeye mwenyewe, ni Vilasini binti Kochukunju, na kabla hatujamkabidhi kwa moto familia inawaomba mliosimama juani msogee chini ya turubai, ili maisha yake yasomwe kwa utaratibu, ingawa yeye utaratibu aliuheshimu pale tu ulipomheshimu.

Alizaliwa Jumapili tarehe 9 Novemba 1952 hapa Paravila, nje kidogo ya mji wa Kollam katika jimbo la Kerala, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Kochukunju, mgema tembo la mnazi, na Mama Narayani, mbangua korosho. Wakubwa wanasimulia kwamba mama yake alishikwa na uchungu akiwa kwenye kigoda kiwandani, akamalizia fungu lililokuwa mbele yake ndipo akainuka, na mkunga alipompokea mtoto akasema, "Huyu katoka na jivu kichwani, msimtafutie kazi, ameshaajiriwa."

Kuanzia Juni 1958 hadi Machi 1965 alisoma katika shule ya serikali ya Paravila, ile yenye uwanja wa mchanga nyuma ya hekalu, ambako alikuwa wa kwanza kwa kusoma kwa sauti na wa mwisho kwa kunyamaza. Tunaomba mkumbuke uwanja huo, kwa sababu maisha yake yaliurudia mara nyingi, na karibu kila mara kwa ugomvi.

Tarehe 4 Januari 1967, akiwa na miaka kumi na minne, aliingia kiwandani, akapewa kigoda, nyundo ya mti na bakuli la jivu la kupaka viganjani, maana ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi na kuigeuza nyeusi, na jivu hupunguza tu, halizuii. Magunia yalikuja kwa meli yakiwa na majina ya Mtwara, Lindi na Nacala, naye aliyajua majina hayo kabla hajajua Delhi iko upande gani, akawa akiwaambia wenzake, "Watu wa Mtwara wanazilima, sisi tunazivunja, halafu kuna mtu wa tatu huko, mikono safi kabisa, ndiye anazila." Kabla ya mwaka kuisha vidole vyake vilikuwa kama vya mama yake, vyeusi kuanzia ncha hadi kiganjani, na wala hakuviona vibaya, kwa sababu kila mwanamke aliyempenda alikuwa navyo.

Ndipo ikaja tarehe 19 Machi 1977, siku ya kura yake ya kwanza. Alisugua mikono kwa ndimu, kwa jivu na kwa makumbi ya nazi mpaka ikachubuka, akavaa sari nyeupe yenye pindo la dhahabu, akapanga foleni katika uwanja ule ule wa shule. Kila anayepiga kura hupakwa wino usiofutika kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, asije akarudi mara ya pili, na Vilasini alipounyoosha mkono wake wakala wa chama kimoja akaruka kitini na kusema, "Huyu ameshapiga, tazameni kidole!" Vilasini akamwonyesha mikono yote miwili, akamuuliza, "Kaka yangu, nipige kura mara ngapi ndipo vidole vyote kumi viwe hivi?" Foleni nzima ilicheka, karani naye akacheka, lakini Vilasini alitolewa nje, na wanawake wengi wa kiwandani walitolewa nyuma yake. Alirudi nyumbani, akala muhogo na samaki kama kawaida, kisha akamwambia Mama Narayani kwamba ataingia tena katika chumba kile, na siku hiyo hatatoka mpaka yeye na kila mwenye mikono kama yake wamehesabiwa.

Wiki iliyofuata alikwenda kwenye maktaba ya kijiji kuomba kitabu cha sheria za uchaguzi, akaambiwa kimeazimwa, na aliyekiazima, Divakaran, mwalimu wa kemia katika chuo kimoja cha mjini, ndiye aliyemwoa tarehe 27 Agosti 1978. Mama mkwe hakufurahi, akauliza mbele ya wageni, "Mikono hiyo ndiyo itakayonikandia unga?" na bibi harusi akajibu kwa adabu zote, "Mama, siku ya kwanza unga utakuwa mweusi, siku ya pili utakuwa umeshazoea." Haikupita miaka mingi mama mkwe huyo huyo akawa anawasimamisha watu njiani kuwaambia kwamba mkwewe amewafunga midomo wenye viwanda. Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na mitano, na kitabu kile, tunaarifu kwa aibu, hakijarudishwa maktaba hadi leo.

Walijaliwa watoto wawili, Sheeja, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1980, muuguzi wa Kochi, na Bijoy, aliyezaliwa tarehe 21 Julai 1983, fundi umeme wa Sharjah aliyetua jana alasiri, pamoja na wajukuu watatu ambao marehemu aliwafundisha kubishana kabla hawajaota meno.

Katika chama cha wafanyakazi alichaguliwa katibu wa tawi mwaka 1979 na katibu wa wilaya mwaka 1984, mwaka ule ule wanawake walipodai chumba cha kunyonyeshea, wakakataliwa. Hakuitisha maandamano wala hakufunga geti, aliwaambia waje kazini kama kawaida, wakae kwenye vigoda vyao, na nyundo zisinyanyuliwe, na Paravila nzima ilishtuliwa na kimya, maana kijiji hiki kilizoea nyundo kama vijiji vingine vilivyozoea jogoo. Meneja alipita kati ya safu akiuliza, "Mnafanya nini?" wakamjibu, "Tumekaa, bwana." Siku ya tatu chumba kilipatikana, na Vilasini akapata silaha aliyoitumia maisha yake yote, kukaa chini.

Mwaka 1987 chama chake kilimteua kugombea ubunge katika Bunge la Kerala, na asubuhi ya tarehe 23 Machi wanawake walijipanga katika uwanja wa shule tangu jua halijachomoza, wamechana nywele, wamevaa maua, wengine wamekuja kumpigia kura na wengine wamekuja kumpinga. Wakala wa upande wa pili alikuwa kijana anayeitwa Sukumaran, mwenye sauti ya tarumbeta, na kila ulipoingia mkono mweusi alisimama na kuimba, "Ameshapiga! Ameshapiga huyu!" Msimamizi wa kituo, mtu mpole aliyeletwa kutoka wilaya nyingine, hakuwahi kuona vidole vya namna hiyo, na kila pingamizi ilipotolewa alimtoa mama wa watu nje, jasho likimtoka kuliko hao aliowatoa.

Vilasini alifika, akatazama, hakumgombeza mtu, akawageukia wanawake na kusema maneno mawili tu, "Kaeni chini." Foleni yote ilishuka mchangani kwa mara moja, wa chama hiki na wa chama kile, na aliyekuwa mbele alikaa kwenye kizingiti kabisa, asipite mtu. Msimamizi akatoka akisema, "Mama, hapa si kiwandani," naye akamjibu, "Ni kweli, bwana mkubwa, kiwandani wanaturuhusu kuingia."

Waliendelea kukaa hivyo, jua likapanda, muuza chai akapata biashara ambayo hajapata kuiona tena, mpaka akafika Mama Gomathi, aliyekuwa amebangua korosho kwa miaka thelathini, mfuasi wa upande wa pili asiyeficha, beji ya chama imechomekwa kifuani. Wenzake wakampisha njia wakicheka chini chini, kwa sababu walijua wanachokingoja, akaingia, akaunyoosha mkono wake mweusi tii mbele ya karani, na Sukumaran, ambaye mdomo wake ulishazoea, akaruka, "Ameshapi..." akakwama hapo, kwa kuwa Mama Gomathi ndiye aliyemzaa.

"Malizia," mama akamwambia. "Nimepigia wapi, mwanangu? Mikono hii imekubangulia ada ya shule, leo ndiyo imekuwa ya mwizi?"

Kutoka dirishani mtu akapiga kelele, "Sukumaran, leo unalala nje!" na uwanja mzima ukalipuka. Kijana akakunja karatasi zake, akazikunjua, akamwambia msimamizi kwa sauti ambayo hakuna aliyeijua kuwa anayo, kwamba anaondoa pingamizi, kwa huyu. Mama Gomathi akauliza, "Kwa huyu peke yake?" na alipoona hajibiwi akaurudisha mkono wake, akatoka nje bila kupiga kura, akatafuta nafasi kati ya wanawake wa Vilasini, akakaa chini na beji yake kifuani.

Ndugu waombolezaji, walioshuhudia wapo hapa, na wote wanakubaliana kwamba wakati ule hakuna aliyecheka. Sukumaran alimtazama mama yake mchangani, akasema, "Basi, naondoa kwa wote," na Vilasini akaingia na kitabu kile cha maktaba, akamfungulia msimamizi ukurasa unaosema kwamba vidole visipoweza kutiwa alama, alama iwekwe mahali pengine mkononi, na msimamizi akapumua kama mtu aliyetuliwa gunia, akaagiza wino upakwe kwenye kifundo, juu ya mahali weusi unapoishia. Wanawake wakapandisha bangili zao, wakaingia mmoja mmoja, wakatoka wameinua mikono juu, na wanaume waliokwisha kupiga walirudi kutoka nyumbani ili tu watazame. Mama Gomathi alipotoka alimwambia Vilasini waziwazi kwamba hakumpigia yeye, naye akamjibu, "Najua, mama, ila umepiga." Vilasini mwenyewe aliingia wa mwisho, akapakwa wino kifundoni, na alishinda kwa tofauti ya kura chache kuliko idadi ya watu waliokaa mchangani asubuhi ile.

Alikuwa mbunge kuanzia 1987 hadi 1991, na tena kuanzia 1996 hadi 2001, na kati ya vipindi hivyo alishindwa, akasema kuhusu kushindwa kwake, "Korosho nyingine ni tupu ndani, huwezi kujua mpaka uigonge." Katika wiki yake ya kwanza bungeni, kule makao makuu ya jimbo, Thiruvananthapuram, mbunge mmoja alimshauri kwa utani anawe mikono kabla ya kuingia ukumbini, akamjibu, "Nimenawa, mheshimiwa, tangu mwaka 1967 nanawa, na bado sijamaliza." Alipigania pensheni ya wabangua korosho na matibabu ya ngozi zao, akapata kimoja chote na kingine nusu, na kila Bunge lilipofungwa alirudi kwenye kigoda chake, hata alipokuwa ameshaalikwa kukaa kwenye viti vya mbele vya kila harusi ya wilaya. Alipoacha siasa aliendelea kubangua katika karakana ya ushirika, ambao katibu wake alikuwa Sukumaran, na huyo Sukumaran ndiye aliyesimamisha turubai tulilokaa chini yake leo.

Mwezi Desemba 2021 figo zake zilishindwa kazi, akaanza kusafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na nyundo akaiweka chini. Ngozi ikabadilika kidogo kidogo, weusi ukaondoka, na kufikia mwaka huu mikono yake ilikuwa na rangi ambayo mumewe hakuwahi kuiona tangu siku aliyomjua, jambo ambalo lilimkera marehemu kuliko ugonjwa wenyewe, akawa akisema kwamba anaamka na mikono ya mwanamke asiyemfahamu.

Tarehe 26 Aprili 2024, siku ya kura, iliangukia siku yake ya kusafishwa damu, na daktari wake alimkataza asiende popote, wakabishana, na daktari, ambaye bado ni kijana, akashindwa. Aliletwa kwa bajaji hadi uwanja wa shule, akateremshwa kwenye kiti cha magurudumu, joto likiwa kali, na foleni yote ikamfungulia njia ikipiga makofi, akainuka mwenyewe kwenye kiti hicho, akaingia katika chumba kile kile, akavuta bangili juu na kumpa karani kifundo cha mkono, kama alivyofanya katika kila uchaguzi tangu 1987. Karani, binti ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, akamwambia, "Bibi, naomba kidole tu." Vilasini akakitazama kidole chake, kisafi, tayari, akaanza kucheka, akacheka mpaka mawakala wa vyama vyote wakacheka naye, akapakwa wino kidoleni kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na njia nzima ya kurudi alikitoa kidole hicho nje ya bajaji ili watu wa barabarani wakione.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na mumewe na binti yake. Wanawake wa kiwandani walipomwosha, wote walifika kwenye ukucha ule wenye wino wa kura, na hakuna aliyeusugua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka miwili na nusu na kuvumilia hotuba zake, majirani waliopika uji wake na kuuonja kwanza kama alivyotaka, madereva wa bajaji wa Paravila, wanachama wenzake, wapinzani wake, ambao wamekuja wengi kuliko alivyotazamia, na Mama Gomathi, ambaye ana miaka tisini na mmoja na amekataa kiti, amekaa pale chini.

Kura ya marehemu bado imo ndani ya mashine iliyofungwa kwa lakiri, chini ya ulinzi, na itahesabiwa tarehe 4 Juni pamoja na za walio hai. Pumzika kwa amani, Vilasini, ulisema hutatoka mpaka uhesabiwe, na siku hiyo tutakuwepo.