Kapiteni Viateur na Uwanja Usiokuwa kwenye Orodha

Kapiteni Viateur Kanyamibwa anastaafu tarehe 31 Machi 2011, baada ya miaka ishirini na nne ndani ya kampani yetu ya Mawingu Kivu, ukitoa miezi kumi na moja ambayo nitaieleza. Na kila muntu ajue: kuruka kwake nilimufundisha mimi, Ladislas Mbusa.

Haya. Mama Émilienne wa biro, anayepanga jarida hili, amekwisha kunitazama kwa jicho baya. Sikumufundisha kuruka. Alipofika kwetu mwaka 1987 alikuwa tayari na leseni yake, na mimi nilikuwa na darasa la ine na filimbi moja. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi kusudi apate pa kushukia, kisha kupima mizigo na watu kwenye mizani. Kwa hiyo nilimufundisha kutua. Hiyo nayo mukiichunguza sana itaanguka, basi tuiache.

Kapiteni ni mutoto wa wafugaji wa milima ya Masisi. Baba yake alitaka achunge. Yeye aliona ng'ombe wanakamuliwa kila siku saa ileile, akasema kazi hiyo iko na ratiba sana, hataiweza. Lakini ng'ombe hawakumutoka mwilini. Mupaka leo, kabla ya kuwasha motere, anapiga ubavu wa ndege kwa kiganja, kama muntu anayetaka munyama asogee kidogo. Wasafiri wageni wakiona hivyo wanaanza kusali.

Vita ilipofunga uwanja wetu wa majani, tukahamia kwenye kipande cha barabara ya lami upande wa Walikale, mihogo kushoto na mihogo kulia. Nikisikia motere, napiga filimbi, wenye pikipiki wanasimama, wamama wanainua vikapu vyao, na Kapiteni anashuka katikati yetu. Chumvi na sabuni zinatoka, maharagwe na watu wanaingia. Kila ndege iliposhuka niliandika kwenye daftari: tarehe, mawingu, kilo za kila muzigo na za kila muntu. Wamama hawakupenda. Mumoja aliniambia, "Papa Mbusa, bwana yangu mwenyewe hajui kilo zangu, na wewe unaziandika kwa biki?" Nikaandika.

Watu wananiuliza sana: piloti wa kampani kubwa, piloti wa ndege ndogo ya kukodi kama yetu, na piloti wa ndege ya tajiri yenye viti vya ngozi, nani anaishi vizuri? Nimelifanyia uchunguzi jambo hili. Sikwenda chuo, nilimuuliza tu Kapiteni wakati tunangoja mawingu yapande, na huku kwetu mawingu hayana haraka. Yeye peke yake kati yetu amekalia viti vyote vitatu.

Kiti cha tajiri alikikalia wiki tatu, wakati wa likizo. Mushahara ule, alisema, ni mukubwa kuliko yote. Lakini ratiba ni tumbo la tajiri. Anasema tunaruka saa mbili, piloti anavaa tai saa moja, na tajiri anafika kesho yake akiwa ameshiba. Siku mbili Kapiteni alikaa chini ya bawa na tai shingoni. Nilimuuliza kama alikula vizuri. "Vizuri sana," akasema, "lakini na tai."

Kiti cha kampani kubwa njo hadithi yenyewe.

Februari 2006 ilifika barua kutoka Kinshasa, kwa kampani kubwa ambayo sitaitaja kwa sababu haijanilipa kuitaja. Walitaka piloti. Mama Kétsia, bibi yake, aliisoma mbele yake, akaikunja, akaisoma tena. Alikuwa amechoka kukaa Goma na kusikiliza redio kila barabara ya Masisi inapofungwa. Alimuambia bwana yake maneno mafupi: "Viateur, nenda mahali ndege inashuka kwenye uwanja. Watoto wako tano."

Shida ilikuwa kwenye ukurasa wa pili. Kampani ilitaka saa elfu tatu za kuruka, na kila mahali pa kutua pawe kwenye orodha yao ya viwanja. Kapiteni alikuwa na zaidi ya saa elfu tisa. Lakini karibu zote zilitua kwenye barabara yetu, na barabara yetu haikuwa kwenye orodha ya muntu yeyote. Kwa karatasi, Kapiteni Viateur aliruka kutoka Goma na hakushuka popote. Ukihesabu walivyohesabu wao, zilibaki saa mia saba, yaani za kijana aliyetoka masomoni jana. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu.

Alishuka siku ile, akakaa juu ya gunia la chumvi, hakuuliza hata mizigo.

"Papa Mbusa, miaka hii yote mimi natua wapi?"

"Unatua hapa, Kapiteni."

"Hapa ni wapi?"

Nikaangalia kushoto, nikaona mihogo. Nikaangalia kulia. Mihogo tena.

Kisha nikakumbuka madaftari yangu. Yalikuwa kumi na saba, ndani ya pipa, na panya walikuwa wamekula majalada ya mawili tu. Kila kutua kwake kulikuwa mule, na tarehe na kilo. Lakini Kapiteni akasema karatasi bila muhuri huko Kinshasa ni karatasi ya kufungia karanga. Muhuri ulikuwa mumoja tu kwenye barabara nzima: wa chama cha wakulima wa Nyabiondo, nilioachiwa kwa ajili ya magunia yao. Una picha ya ganda la maharagwe na maneno IMEPOKELEWA HALI NZURI.

Nikapiga. Mvua ilinyesha muchana wote, naye alifungua kurasa, mimi nikapiga. Kila safari ya Kapiteni, tangu vita ya kwanza, imepokelewa hali nzuri. Na niseme mbele ya wakubwa: hakuna hata mumoja wa uongo. Kila mara alishuka, na kila mara alikuwa katika hali nzuri, isipokuwa siku ya malaria, na ile niliandika pembeni.

Alikwenda Kinshasa na madaftari ndani ya mufuko wa unga. Mukubwa wa mutihani aliyasoma siku mbili. Kapiteni anasimulia kwamba muzee yule alikuwa anaita wenzake waje kusoma: mama, kilo sabini na moja, mbuzi wake, ishirini na tatu, upepo wa upande wa Mpofi, mubaya, Kapiteni amekasirika. Mwishoni akafunga daftari akauliza, "Huyu Mbusa ni nani? Mukubwa wa uwanja?"

"Hapana," Kapiteni akajibu. "Yeye njo uwanja."

Saa zake zote zikakubaliwa. Mama Kétsia alilia kwenye simu. Mimi sikulia, kulikuwa na moshi.

Sasa ratiba ya kule, kwa wenye kutaka kujua. Inabandikwa ukutani mwisho wa mwezi. Tarehe tano unajua kwamba tarehe kumi na nane, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, unakwenda Lubumbashi. Siku za kupumzika zimeandikwa. Saa za kuruka zikifika kipimo, wanakukalisha hata kama unataka kuruka. Mushahara unaingia tarehe ileile, mvua ao jua, wakati kwetu sehemu kubwa inakwenda kwa safari, na wingu likikaa wiki, piloti anakula maharagwe ya jirani. Lakini kupanda cheo kule ni foleni. Aliyeingia Januari anamutangulia aliyeingia Machi, hata kama wa Machi ana mvi. Kwetu unakuwa kapiteni siku kapiteni mwingine anaugua. Kule Kapiteni Viateur aliwekwa kiti cha kuume, musaidizi, karibu na kapiteni wa miaka ishirini na tisa aliyemuita "papa" na kumuomba asiguse kitu.

Miezi kumi na moja, kisha akarudi. Nilimuuliza sababu. Mara ya kwanza akasema chakula. Mara ya pili akasema joto. Mara ya tatu akasema Papa Mbusa, pima mizigo. Sikuridhika, nikaenda kumuuliza Mama Kétsia.

"Ni mimi niliyemuita," akasema, na aliona haya kidogo. "Mbele, akiwa bado kwenu, sikujua anaruka saa gani. Nilifanya kazi zangu. Nikasikia motere, nikajua amefika. Sasa ratiba iko ukutani kwangu. Inaniambia: Kétsia, ogopa saa kumi na mbili na dakika arobaini. Naogopa. Inaniambia: kesho tena. Naogopa. Na yeye anafika nyumbani siku nane kwa mwezi, zimehesabiwa, anakaa kama mugeni anayengoja basi."

Mimi nilikuwa nimedhani ratiba ni dawa. Kumbe hata dawa ina saa zake.

Alirudi kwetu mwanzo wa 2007, mushahara mudogo, kiti cha kushoto, cha kapiteni. Na nashukuru, kwa sababu ya yale yaliyotokea mwaka uliofuata. Watu wa upande wa Nyabiondo walipokimbia risasi, walifika kwenye barabara yetu bila vikapu, bila kitu cha kupima. Kapiteni alifanya safari sita kwa siku mbili. Alitoa viti vyote, akaviacha kwenye mihogo. Watu walikuwa wengi, na mimi, mupimaji musafi wa miaka yote, nikaanza kuandika watoto wadogo sifuri. Aliona daftari.

"Papa Mbusa, sifuri iko na kilo ngapi?"

Nikamupa biki. Hakunifokea. Alipima watoto wote upya, mumoja mumoja, akishika mukono wa kila mumoja, kisha akapunguza mafuta mupaka yale ya kufika tu, akatoa begi lake, koti lake na viatu vyake. Aliruka pekupeku. Wote walifika. Kama angekuwa bado kule, siku ile ratiba ingemuonyesha Lubumbashi.

Hiyo njo kazi ya Kapiteni Viateur. Katika miaka yote hii hakupoteza musafiri hata mumoja, na mbuzi mumoja tu, aliyeruka nje mwenyewe tukiwa bado chini. Amefundisha mapiloti wanane, na wanne kati yao leo wanasoma ratiba ukutani na wanatutumia salamu. Kwa niaba ya wote wa Mawingu Kivu: asante, Kapiteni, na asante, Mama Kétsia, kwa kutukopesha. Tunawaombea siku nyingi zisizo na saa ya kuogopa, maziwa ya Masisi, wajukuu, na usingizi wa muchana.

Ningeishia hapa, lakini kuna deni dogo. Jumatatu ile ya muhuri, mikono yangu ikiwa na wino mupaka kwenye viwiko, Kapiteni aliniahidi kitu, na hatukuwa na shahidi. Mimi nimepima watu maelfu wakipanda na sijapanda hata mara moja. Leseni yake inakwisha Alhamisi, na Alhamisi ana safari ya mwisho ya chumvi. Leo asubuhi nilisimama juu ya mizani. Kilo hamsini na nane na viatu, na viatu nitaviacha. Kapiteni, kiti cha kuume kiko na muntu?