Ekzosi ya Muthomi

Mwalimu Njoki, mzaliwa wa Karurumo, alikuwa mgeni Kibirichia. Asubuhi hiyo alipanda tukutuku ya magurudumu matatu pale sokoni, akaketi karibu na mzee aliyempakata kuku. Injini ilipowaka, kuku nusura aruke nje.

"Kijana, hii ekzosi imetoboka?" mzee akapaza sauti.

"Haijatoboka, mzee wangu. Mimi Muthomi nimeibadilisha mwenyewe!" dereva akajibu, akitabasamu kwenye kioo. "Injini ni ya pistoni mbili, na sasa kila pistoni ina bomba lake. Silensa ya kupunguza kelele nimeitoa kabisa. Na huu ukungu wa huku, watu hawanioni, lakini wananisikia nikiwa bado bondeni."

"Hata kanisani Jumapili tulikusikia. Pasta alinyamaza mpaka ukapita!"

"Si alipumzika kidogo?"

Njoki akauma mdomo. Mgeni hamcheki mzee wa wenyewe.

"Rudisha silensa," mzee akasema. "Ng'ombe wangu akikusikia anakataa kukamuliwa."

"Nikirudisha, nitapita hapo kwako na hutajua nimepita. Utaenda sokoni kwa miguu."

Mzee akamgeukia Njoki kana kwamba yeye ndiye hakimu. Njoki akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Tukutuku ikasimama njia panda. Kando ya barabara, ndani ya ukungu, abiria walikuwa tayari wamejipanga wakingoja, na wote walikuwa wameziba masikio.

"Umeona sasa?" dereva na mzee wakaambiana kwa pamoja.